Sifa za mapema si dhamana ya chombo kipya

NDUGU msomaji, katika nyumba zetu nyingi hivi leo yapo mazungumzo ambayo wazee wetu hawakuyajua. Kijana amerejea kutoka swala ya Ishaa, anakaa kando ya baba yake na kumwonesha picha za simu mpya iliyoingia sokoni wiki hii. "Baba, wataalamu wameijaribu, na wote wanaisifu," anasema. Baba anaitazama bei, anakumbuka ada ya muhula ujao na kodi ya nyumba, kisha anauliza swali moja tu: "Hao wataalamu wamekaa nayo muda gani, mwanangu?" Kijana hana jibu.

Swali la baba huyo ndilo msingi wa makala yetu ya leo. Je, inafaa kutoa fedha ya familia kwa kutegemea sifa zinazotolewa siku ile ile chombo kinapozinduliwa?

Ushahidi wa siku chache

Kwanza tuelewe jinsi sifa hizo zinavyopatikana. Aghalabu kampuni inayotengeneza simu huwapelekea waandishi na wachambuzi simu hiyo siku kadhaa kabla haijaanza kuuzwa, kwa sharti kwamba asiwepo atakayetoa maoni yake kabla ya saa iliyopangwa. Saa ikifika, wote husema kwa pamoja, kwani atakayechelewa hatasomwa wala kutazamwa. Hivyo basi, anayetwambia kuwa simu ni nzuri huenda amekaa nayo wiki moja, na pengine pungufu ya hapo.

Hatusemi kuwa watu hawa ni waongo. La hasha. Wengi wao ni wajuzi wa kazi yao na husema walichokiona. Lakini jicho la wiki moja lina mpaka wake. Linaona ung'avu wa kioo, uzuri wa picha, wepesi wa kazi, na kama chaji inafika usiku. Haliwezi kuona betri itakuwaje katika mwaka wa pili, tundu la chaji litalegea lini, kampuni itaendelea kuleta maboresho ya programu kwa miaka mingapi, wala kama vipuri vitapatikana. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mchambuzi wa mapema amemwona mgeni katika zile siku mbili. Jembe bado halijashikwa.

Mfano ulio wazi ni simu ya Samsung Galaxy Note 7. Ilianza kuuzwa tarehe 19 Agosti, 2016, ikiwa tayari imepambwa kwa sifa nyingi za wachambuzi. Tarehe 2 Septemba, yaani wiki mbili tu baadaye, kampuni yenyewe ilitangaza kusimamisha mauzo na kubadilisha simu zilizokwisha kutoka, takriban milioni 2.5, kwa sababu baadhi yake zilikuwa zikishika moto. Wateja wakapewa simu mbadala, nazo baadhi zikawaka. Tarehe 11 Oktoba utengenezaji wake ukakomeshwa moja kwa moja.

Je, wachambuzi walidanganya? Hapana. Januari 2017 kampuni ilipoeleza chanzo, ilisema wahandisi wake wapatao 700 walijaribu simu 200,000 na betri 30,000 ndipo wakathibitisha kuwa kasoro ilikuwa katika betri kutoka kwa watengenezaji wawili tofauti. Ikiwa ilihitajika kazi kubwa kiasi hicho kuipata kasoro, mtu mmoja mwenye simu moja kwa wiki moja angeipataje?

Mkono ndani ya lundo

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani yake, na vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji alieleza kuwa chakula kilinyeshewa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akakemea udanganyifu.

Mafunzo ya kisa hiki kwa muuzaji yanafahamika sana. Lakini lipo pia funzo kwa mnunuzi: juu ya lundo palikuwa pakavu, na unyevu ulipatikana kwa kuingiza mkono ndani. Katika vyombo vya leo, mkono unaoingia ndani ya lundo ni muda. Miezi mitatu au minne ya matumizi ya watu wa kawaida, katika joto, vumbi na umeme unaokatika, hufichua ambayo meza ya mchambuzi haikuyafichua.

Lawama ina uzito kuliko sifa

Hata hivyo, tusikimbilie upande wa pili tukasema kwamba maneno yote ya mapema hayana maana. Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalizingatii: sifa ya mapema na lawama ya mapema hazilingani uzito.

Aprili 2019 kampuni hiyo hiyo iliwapa wachambuzi simu inayokunjwa, Galaxy Fold, iliyopangwa kuuzwa kwa dola 1,980 za Marekani. Ndani ya siku chache vioo vya baadhi ya simu hizo vikaharibika. Wachambuzi wengine walikuwa wamebandua utando wa juu wakidhani ni karatasi ya kinga tu, na wengine hawakubandua kitu. Wakasema waziwazi yaliyowafika. Uzinduzi wa tarehe 26 Aprili ukaahirishwa, na simu ikatoka Septemba ikiwa imerekebishwa. Vivyo hivyo mwaka 2024, kifaa cha kubandika kifuani kilichoitwa Humane AI Pin kiliuzwa kwa dola 699 pamoja na ada ya kila mwezi. Wachambuzi wengi walikilaumu tangu mwanzo, na mwishoni mwa Februari 2025 huduma yake ikazimwa. Walioziamini lawama hizo waliokoa fedha zao.

Sababu ya tofauti hii ni nyepesi. Anayesema "kimevunjika mikononi mwangu" anashuhudia jambo lililotokea. Anayesema "kitadumu" anabashiri. Kwa hiyo mchambuzi wa mapema akilaumu, tusikilize mara moja. Akisifu, tuyapokee yale ambayo wiki moja inaweza kuyaonesha, na mengine tuyaache yasubiri.

Nani anafaidika?

Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Hujurat aya ya 6, inatufundisha kuchunguza habari ya asiyeaminika kabla ya kuitendea kazi. Nao wanazuoni wa fikihi hawapokei ushahidi wa mtu anayejivutia manufaa kwa ushahidi huo. Aidha Mtume (S.A.W.) alikataza najshi, yaani mtu asiye na nia ya kununua kuipandisha bidhaa ili mwingine aingie mtegoni. Anayelipwa kwa siri ili aisifu simu ambayo mwenyewe asingeinunua, je, yuko mbali na mlango huo?

Jambo hili halihangaishi Waislamu peke yao. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku maoni ya uongo ya wateja na ununuzi wa sifa. Na ipo taasisi ya nchi hiyo, Consumer Reports, iliyoanzishwa mwaka 1936, ambayo hununua yenyewe dukani vitu inavyovipima na haichukui matangazo ya kampuni. Kwa hiyo msomaji aulize: mchambuzi huyu alipewa simu au aliinunua? Je, kiungo alichokiweka cha kununulia kinampatia kamisheni? Kupewa simu hakumfanyi mtu kuwa mwongo, lakini kunatupa haki ya kutafuta shahidi wa pili.

Iliyosifiwa na unayouziwa

Jambo jingine ni kwamba simu iliyosifiwa huenda siyo utakayouziwa. Galaxy S20 ya mwaka 2020, kwa mfano, iliuzwa Marekani ikiwa na kichakato cha aina moja na Ulaya ikiwa na cha aina nyingine, ilhali jina ni lile lile. Anayesoma uchambuzi ulioandikwa New York huku akinunua Dar es Salaam au Mombasa anapaswa kulijua hilo.

Zaidi ya hapo, kuna simu bandia. Kenya ilizizima mwaka 2012, na Tanzania Juni 2016, na wapo walioamka wakakuta fedha yao imekuwa kipande cha plastiki. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sifa za simu halisi hazimkingi aliyeuziwa ya bandia. Piga *#06#, ulinganishe namba inayotokea na iliyoandikwa kwenye boksi, na udai risiti pamoja na dhamana ya maandishi. Sheria yetu inampa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichika, lakini haki isiyo na risiti ni ngumu kuidai.

Mwisho, yupo mchambuzi ambaye wengi wetu humsahau, naye ni fundi simu wa mtaani. Yeye huiona simu katika mwaka wake wa pili, ikiwa imefunguliwa mezani. Mwulize ni aina gani zinazomfikia mara kwa mara, kioo chake kinapatikana kwa bei gani, na betri inabadilishwa kwa urahisi au la. Jibu lake la dakika tano laweza kuwa na faida kuliko sifa za saa nzima.

Turudi kwa baba na mwanawe. Ikiwa simu ya zamani ingali inafanya kazi, baba na aseme: "Tusubiri miezi mitatu, mwanangu. Ikiwa ni nzuri leo, itakuwa nzuri na wakati huo, na pengine bei itakuwa imeshuka." Ikiwa imekufa na kijana anaihitaji kwa masomo, wanunue ya mwaka uliopita, ambayo watumiaji wameshaizoea na mafundi wanaijua. Kwa njia zote mbili, ada ya muhula ujao itabaki mahali pake.

Wabillahi tawfiq.