Lehemu: kidonge cha dukani na kidonge cha cheti

Mwenye malaria anajijua. Mwenye lehemu nyingi katika damu, hiyo inayoitwa pia kolesteroli, hasikii lolote. Hana homa, kichwa hakimuumi, anapanda vilima vya Umatengo na mzigo wake kama kawaida, hadi siku mshipa wa moyo au wa ubongo unapoziba. Ndiyo maana anayeambiwa ameze kidonge kila siku kwa ugonjwa asiousikia huona anasumbuliwa. Pakiti ya kwanza ikiisha anaacha, kisha anakwenda kuulizia dukani kitu chepesi zaidi.

Ndugu msomaji, Mkoa wa Ruvuma una historia yake katika habari hii ya maduka. Mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzia huko mwaka 2003, ili kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Muuzaji hupewa mafunzo, naye huruhusiwa kuuza hata dawa chache za cheti, zikiwamo baadhi ya antibiotiki. Lakini duka hilo si famasi, na muuzaji si daktari.

Dawa hasa za lehemu ni zile za jamii ya statini, kama atovastatini na simvastatini. Asili yake ni kazi ya Mjapani Akira Endo, aliyeipata ya kwanza kutoka kwenye ukungu katika miaka ya 1970. Wengi hudhani lehemu yote inatoka kwenye nyama ya mafuta. La hasha! Sehemu kubwa inatengenezwa na ini letu wenyewe. Statini hulipunguzia ini kazi hiyo, na lehemu mbaya hushuka kwa asilimia 30 hadi 50, kutegemea dawa na dozi. Ukiacha kumeza, ini linaendelea na kazi yake, na baada ya wiki chache lehemu imerudi palepale.

Na vile visivyohitaji cheti? Vidonge vya kitunguu saumu hushusha kidogo sana. Mafuta ya samaki hupunguza mafuta ya aina nyingine katika damu, si lehemu mbaya. Na mtu anayepata usipa wa Ziwa Nyasa mezani sijui anayanunulia nini. Vinavyonitia wasiwasi ni vidonge vya mchele mwekundu wa chachu. Ndani yake mna kitu kilekile kilichomo katika dawa ya lovastatini, ila kiasi chake hubadilika kutoka chupa hadi chupa. Mtu amekimbia kidonge cha daktari, akaenda kumeza ndugu yake asiyepimwa.

Jambo jingine ni kuchanganya. Simvastatini ikikutana na erithromaisini, antibiotiki ambayo wengi huinunua kwa kikohozi tu, inaweza kuharibu misuli na hata figo. Kwa hiyo unapofika dukani, taja kwanza unachomeza. Misuli ikiuma bila sababu, au mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, rudi hospitali upesi. Mama mjamzito asimeze statini ila kwa amri ya daktari.

Kuhusu kahawa, sithubutu kuwaambia watu wa Mbinga waiache. Ila ile ya kuchemsha na unga wake sufuriani hupandisha lehemu. Ikipitishwa kwenye karatasi ya kuchujia, mafuta yanayoleta tatizo hilo hubaki kwenye karatasi.