Bunduki na Mwenyewe (4): Gobore la Marehemu Babu

Kila ifikapo Septemba, redio zinazosikika hapa Kiomboi, mkoani Singida, hutangaza msamaha wa kusalimisha silaha. Umoja wa Afrika uliutenga mwezi huo kwa kazi hiyo mwaka 2017, na mwaka 2022 serikali yetu ilitoa nafasi hadi 31 Oktoba. Wengi wakisikia tangazo hudhani wanaoambiwa ni majambazi. Wanaoambiwa ni pamoja na familia yenye gobore darini, aliloliacha babu, ambalo hakuna aliyeligusa tangu matanga yake.

Hatua za leseni, kuanzia kijijini hadi polisi, tulizimaliza katika sehemu ya pili. Leo nataka tuulize gobore hilo lilifikaje darini, kwa maana asiyejua asili ya kitu hawezi kukiogopa inavyostahili.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya utumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya bunduki: kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa Ikweta, bunduki mpya zenye mifereji ndani ya mtutu zilizuiwa, isipokuwa kwa wachache walioidhinishwa. Zilizoachwa zipite sokoni ni gumegume zisizo na mifereji, na baruti ya kawaida. Mzungu akabaki na bunduki ya kisasa, mwindaji wetu akaachiwa ile ambayo Ulaya ilikwisha kuitupa. Wahunzi wakajifunza kuitengeneza, baadaye wakaitia fataki badala ya jiwe la kutoa cheche, na mtutu ukatoka kwenye bomba lolote lililopatikana. Kwa hiyo gobore tunaloliita la jadi lina mkono wa watu waliokaa mezani Ubelgiji.

Na bunduki bora nayo haikumkinga kila aliyeishika. Januari 1875 msafara wa mvumbuzi Henry Morton Stanley ulipita katika nchi hii ya Singida. Huko Vinyata, Ituru, ulipigana siku kadhaa na wenyeji wenye mikuki na mishale. Kikosi kimoja cha Stanley, kwa kutegemea bunduki zake, kilisonga mbele kupita kiasi kikaangamizwa karibu chote, na kwa jumla akapoteza watu zaidi ya 20 kabla ya kuvuka Iramba kuelekea Ziwa Victoria. Watoto wetu wangefundishwa habari za Vinyata shuleni. Wangejua mapema kwamba kiburi cha mwenye bunduki huanza kumdhuru mwenyewe.

Sasa tulitazame gobore lenyewe. Baruti nyeusi ni shura sehemu 75, makaa 15 na kiberiti 10. Ikiungua huacha masizi yanayonyonya unyevu, na mtutu usiosafishwa huliwa na kutu kwa ndani, mahali jicho halifiki. Mtutu wa namna hiyo unaweza kumpasukia mpigaji usoni. Tena shotigani ya kukunjwa unaifungua ukaona kama ina risasi. Gobore halina mlango nyuma. Wawindaji makini walikuwa na njia yao ya kujua kama limeshindiliwa: kwanza fataki inatolewa, kisha mdeki unatumbukizwa mtutuni taratibu, unashikwa kwa kidole pale mdomoni, unatolewa na kulazwa juu ya mtutu kwa nje. Usipofika usawa wa fataki, ndani mna kitu. Kitu hicho kinaweza kuwa kimelala humo tangu babu akiwa hai, na baruti ikikaa pakavu haizeeki.

Wenye bastola na shotigani halali, yenu ni machache na mnayajua, ila hamyatendi. Toa magazini kwanza, kisha koki na uangalie chemba, kwa sababu risasi moja hubaki humo hata magazini ikiwa mfukoni. Mtutu usimwelekee mtu hata kwa mzaha. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umekusudia kupiga na umeona kilicho nyuma ya shabaha. Bunduki ifungiwe pake, risasi pake. Anayepiga hewani harusini ajue risasi hushuka, na anayekwenda baa na bastola kiunoni hastahili leseni aliyopewa.

Mwenye leseni akifariki, wanawe hawairithi bunduki kama wanavyorithi ng'ombe. Wanapaswa kutoa taarifa polisi, na mwana anayeitaka aombe kibali chake mwenyewe. Nalo gobore la darini msilijaribu kwa kulifyatua uani, wala msilisafirishe kwa bodaboda. Watoto watolewe chumbani, mlango ufungwe, mtendaji wa kijiji aelezwe ili awaite polisi walifuate lilipo. Muwaambie wazi kwamba hamjui kama limeshindiliwa.