Mistari 12 ya Betri: Kulikagua Gari la Umeme Lililotumika

Kiangazi cha 2012, wenye magari ya Nissan Leaf katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona nchini Marekani, waliona jambo ambalo hawakuambiwa siku ya kununua. Magari yao yalikuwa bado mapya, lakini umbali yaliokwenda kwa chaji moja ulikuwa unapungua mwezi hadi mwezi. Phoenix ni mji wa jangwani. Mchana wa Julai joto hupita nyuzi 40, na lami ya maegesho huwa moto kuliko hapo. Nissan ilichukua magari saba ikayapima kwenye uwanja wake wa majaribio hukohuko Arizona, kisha ikasema hayana kasoro: betri zimechoka kulingana na matumizi na mazingira yake. Wenyewe hawakuridhika. Kesi ikafunguliwa, baadhi ya magari yakanunuliwa tena na kampuni, na Nissan ikalazimika kutoa dhamana ya uwezo wa betri, miaka mitano au maili 60,000. Kwa toleo la 2015 ikaja betri yenye kemia inayostahimili joto zaidi. Ikabatizwa jina la mjusi.

Kisa hicho kingebaki cha Wamarekani kama Leaf isingekuwa miongoni mwa magari ya umeme ambayo mnunuzi wa kawaida wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam ana uwezekano mkubwa wa kuyakuta yadi. Usukani wake uko kulia, linatoka Japani, na linapanda meli zilezile zinazoleta Vitz na Probox. Nairobi imelifahamu tangu 2018, kampuni ya teksi ya NopeaRide ilipoanza kubeba abiria kwa Leaf. Joto la pwani halifiki lile la Arizona, ila linadumu mwaka mzima, na betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza. Hutegemea hewa tu. Tesla na Hyundai Kona huzungusha kimiminika kuzunguka betri, nalo suala hilo si dogo: takwimu za kampuni ya Geotab, inayofuatilia magari ya mashirika, zilionyesha Leaf za 2015 zikipoteza wastani wa asilimia 4.2 ya uwezo wa betri kila mwaka, huku Tesla Model S za mwaka huohuo zikipoteza asilimia 2.3.

Ndiyo maana maswali aliyoyazoea mnunuzi wa gari la petroli hayamfikishi mbali hapa. Hakuna injini ya kusikilizwa, hakuna moshi wa kutazamwa, hakuna mafuta ya injini yaliyogeuka rangi ya maziwa. Mota ya umeme ina vipande vichache vinavyozunguka, na mara nyingi itadumu kuliko mwili wa gari lenyewe. Hata kilomita zilizoandikwa kwenye mita hazisemi mengi. Leaf mbili za mwaka mmoja, zenye kilomita sawa, moja ikiwa imeishi Hokkaido kwenye baridi na nyingine Okinawa kwenye joto, zinaweza kutofautiana kama magari ya vizazi viwili. Anayenunua gari la umeme lililotumika ananunua betri kwanza, gari linafuata.

Hatua ya kwanza haihitaji hata kulifikia gari. Nambari ya chasisi inatosha. Leaf za mwanzo, zilizotoka Desemba 2010, huanza na ZE0 na zina betri ya kilowati-saa 24. Kuanzia mwishoni mwa 2012 zikaja AZE0, kwanza kwa betri hiyohiyo, baadaye pia kwa kilowati-saa 30. Kizazi cha pili, ZE1, kilizinduliwa Oktoba 2017 kikiwa na kilowati-saa 40, na mwaka 2019 kikaongezewa toleo la 62. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo Leaf ya kizazi cha kwanza inayouzwa Nairobi leo ni gari ambalo tayari limeishi huku. Muuzaji anayedai imeshuka melini juzi ana maelezo ya kutoa.

Kisha kuna mistari. Pembeni mwa kipimo cha chaji kwenye dashibodi ya Leaf kuna mistari midogo 12, na watu wengi huichanganya na ile mikubwa inayopanda na kushuka kadiri gari linavyochajiwa. Midogo haipandi. Huonyesha uwezo uliobaki wa betri, na hufutika mmoja mmoja kadiri miaka inavyokwenda. Wajapani huiheshimu mno hata matangazo yao ya kuuza Leaf huitaja idadi yake waziwazi. Ila hesabu yake ina hila: mstari wa kwanza hufutika betri ikiwa imeshapoteza takriban asilimia 15, na kila unaofuata huwakilisha asilimia 6 na kidogo. Gari lenye mistari 12 kamili linaweza kuwa na betri ya asilimia 99 au ya 86. Dalali atayaita yote mawili mapya.

Hila kubwa zaidi ni ya binadamu. Kompyuta inayosimamia betri inaweza kufutwa kumbukumbu na mtu mwenye kifaa, na mara moja mistari yote 12 ikarudi. Betri haijapona, ni kompyuta iliyosahau. Ni ndugu wa ule mchezo wa kurudisha nyuma kilomita, ila huu ni mbaya zaidi, kwa sababu baada ya wiki kadhaa za kuendesha kompyuta huanza kugundua ukweli, mistari ikafutika kwa mkupuo, na muuzaji hapokei tena simu.

Dawa yake ni kupima. Kuna kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, ileile ambayo mafundi hutumia kupima magari kwa mashine, na kuna programu ya simu iitwayo LeafSpy inayosoma kinachosemwa na betri. Kifaa na programu kwa pamoja ni gharama ndogo mno ukilinganisha na bei ya gari. Muuzaji anayekataa kifaa hicho kichomekwe amekwisha kujibu swali.

Programu hiyo huonyesha afya ya betri kwa asilimia, idadi ya mara ambazo gari limechajiwa kwa chaja ya kasi na kwa umeme wa kawaida, na, muhimu kuliko vyote, grafu ya seli. Betri ya Leaf, hadi toleo la kilowati-saa 40, ni jozi 96 za seli zilizofuatana, na mnyororo wote huwekewa kikomo na jozi iliyo dhaifu kuliko zote. Betri yenye afya hutoa kwenye grafu mistari 96 iliyolingana, tofauti kati ya juu na chini ikiwa milivolti chache tu. Jozi moja ikiwa imechoka, itaonekana imezama. Mkaguzi mjuzi haridhiki kuitazama grafu gari likiwa limejaa chaji, maana wakati huo hata mgonjwa husimama wima. Huitazama chaji ikiwa chini, asilimia 20 hivi, na gari likipanda mlima au likikanyagwa kwa nguvu. Hapo ndipo seli mbovu hujitenga na wenzake. Asilimia ya afya inaweza kudanganywa kwa kufuta kumbukumbu. Volti za seli chini ya mzigo haziwezi.

Kwamba kompyuta inaweza kukosea hata bila mtu kuichezea, New Zealand inaweza kushuhudia. Nchi hiyo, kama Afrika Mashariki, huagiza magari mengi yaliyotumika kutoka Japani. Mwaka 2018 watafiti wa mradi wa Flip the Fleet, ambao wenye magari walikuwa wakiupelekea takwimu zao wenyewe, walitoa matokeo ya kushtua: Leaf za kilowati-saa 30, zilizo mpya zaidi, zilionekana kupoteza karibu asilimia 10 ya afya kila mwaka, wakati zile za 24 zilipoteza asilimia 3 hivi. Bei ya toleo la 30 ingeweza kuanguka siku hiyo. Nissan ilichunguza, ikasema tatizo lipo kwenye kompyuta inayotoa hesabu, si kwenye betri, ikatoa marekebisho ya programu. Magari mengi yaliyorekebishwa yakarudishiwa mistari yake kihalali. Kwa hiyo mtu akikutana na Leaf ya kilowati-saa 30 yenye namba za kutisha na bei ya kutupa, aulize kwanza kama programu yake imewahi kurekebishwa. Huenda amekutana na bahati.

Baada ya simu, barabara. Takwimu za vipeperushi zisimbabaishe mtu: Leaf ya kilowati-saa 40 ilitangazwa Japani kuwa inakwenda kilomita 400 kwa kipimo cha zamani cha nchi hiyo, wakati gari hilohilo Marekani liliandikiwa maili 151, yaani kilomita 243. Namba ya Wamarekani ndiyo iliyo karibu na maisha. Jaribio la haki ni kuchukua gari likiwa limejaa, kuandika asilimia ya chaji, kuliendesha kilomita 40 au 50 kiyoyozi kikiwa kimewashwa kama litakavyotumika, kisha kuandika tena. Likitumia robo ya chaji kwa kilomita 50, linaelekea kilomita 200. Likianza kudondoka kwa kasi chaji ikiwa chini, kutoka asilimia 30 hadi 15 ndani ya kilomita chache, kuna seli inayolia. Jaribio hili huchosha, na wauzaji hulichukia. Wengi hukubali mzunguko wa dakika kumi kuzunguka yadi, ambao haufundishi chochote zaidi ya kwamba kiti ni laini.

Mengine ni mepesi. Plagi ya Leaf ya Japani ya kuchaji kwa kasi ni CHAdeMO, na magari mengi mapya yanayoingia sokoni hutumia CCS2. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China yana plagi yao nyingine kabisa, GB/T. Kabla ya kulipa, mnunuzi atembelee kituo cha kuchaji anachotegemea aone waya upi unaning'inia pale. Betri ndogo ya volti 12 ipimwe, maana ikifa gari zima hukataa kuwaka hata betri kubwa ikiwa imejaa. Diski za breki hushika kutu kwa kukaa bila kazi, kwa sababu mota ndiyo hupunguza mwendo mara nyingi. Chini ya gari, boksi la betri lisiwe limebonyea wala kuwa na alama ya matope ya mafuriko. Maji ya chumvi ndani ya betri ni hatari ya moto, kama Florida ilivyoona baada ya kimbunga Ian mwaka 2022. Na nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe na mtu yeyote asiyefunzwa, hata awe fundi wa miaka 30 wa Land Rover.

Kwa magari yasiyo Leaf, swali la kwanza ni kama yaliwahi kuitwa kiwandani. Februari 2021 Hyundai ilitangaza kubadilisha betri za magari takriban 82,000 duniani, mengi yakiwa Kona, baada ya visa vya moto. Mwaka huohuo General Motors iliyaita magari yote ya Chevrolet Bolt, zaidi ya 140,000, kwa kasoro ya seli. Machi 2024 ikawa zamu ya Hyundai Ioniq 5, Kia EV6 na ndugu zao: karibu magari 147,000 Marekani peke yake, kwa sababu ya kifaa cha kuongoza chaji ambacho kikiharibika huacha kuilisha betri ya volti 12 na gari likapoteza nguvu barabarani. Nambari ya chasisi ikiingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji huonyesha kama kazi ilifanyika. Wakati mwingine habari mbaya hugeuka kuwa njema: Bolt ya 2017 iliyowekewa betri mpya kwa agizo la General Motors ni gari kuukuu lenye moyo mpya, na msomaji anayeishi Marekani anayetafuta gari la bei nafuu angefanya vyema kuitafuta hiyo hasa.

Je, betri ikiwa imechoka, gari ni la kutupwa? Japani walishajibu. Mwaka 2018 kampuni ya 4R Energy, iliyoundwa na Nissan na Sumitomo, ilifungua kiwanda huko Namie, mji wa Fukushima uliokuwa umehamwa baada ya ajali ya nyuklia ya 2011, kwa kazi ya kukarabati betri za Leaf. Betri ya kilowati-saa 24 iliyokarabatiwa iliuzwa kwa yeni 300,000, chini ya nusu ya bei ya mpya. Kwa mnunuzi wa huku, aliye mbali na Namie, njia ya kawaida ni fundi kubadilisha moduli zilizokufa kwa zilizotolewa kwenye gari lililogongwa, na gharama hiyo inapaswa kuingia kwenye mazungumzo ya bei tangu mwanzo.

Leaf ya kilowati-saa 24 iliyobakiwa na mistari minane ina takriban theluthi mbili za uwezo wake, kilowati-saa 16 kwa karatasi na pungufu kidogo kwa matumizi, yaani kilomita 80 hivi za mjini. Mkazi wa Ruaka anayefanya kazi katikati ya Nairobi, mwenye soketi nyumbani, atakwenda na kurudi na chaji ikabaki, na kwa bei inayofaa amepata gari. Mkazi wa Thika mwenye kazi hiyohiyo, kilomita 40 na ushei kwa upande mmoja, asiliguse mpaka ahakikishe mwajiri wake ana mahali pa kuchaji.