Uvumbuzi hauji kwa amri

Wanafunzi huniuliza mara kwa mara: kwa nini serikali haiwaamuru wataalamu wetu wavumbue mitambo yetu wenyewe? Swali hilo ni zuri, na historia ya nchi hii imekwisha kulijibu.

Mnamo 1986, Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Wahandisi walijitahidi, na kufikia 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa hadharani. Ujuzi tulikuwa nao. Hata hivyo, magari hayo hayakupata kuuzwa, kwani fedha za kuyaunda kwa wingi zilikosekana. Kwa maoni yangu, palikosekana pia kampuni iliyomjua mnunuzi na haja yake.

Sasa tulinganishe na M-Pesa. Majaribio yake yalianza 2005, nia ikiwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo kwa simu. Lakini waliojaribu huduma hiyo walianza kutumiana pesa wao kwa wao. Safaricom haikuwakemea. Iliufuata mkondo wao, na Machi 2007 ikawafungulia wananchi wote huduma ya kutuma pesa. Huo ndio usimamizi wa uvumbuzi: kumsikiliza mtumiaji na kuwa tayari kubadili nia ya kwanza.

Serikali nayo ilikuwa na wajibu wake. Sheria mahususi ya malipo ya aina hiyo haikuwapo, na Benki Kuu ingeweza kuipiga marufuku huduma hiyo. Badala yake iliiruhusu kwa masharti: pesa za wateja ziwekwe benkini chini ya wadhamini, na kampuni isizikopeshe. Sheria ya mifumo ya malipo ilitungwa baadaye, mwaka wa 2011. Mwananchi alilindwa, na wazo jipya halikunyongwa likiwa changa.

Sisemi kwamba serikali ikae kando. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sera ya teknolojia ni malezi: shule zenye maabara, mtaji kwa wanaoanza, na sheria zisizomtisha mgeni sokoni. Kampuni iliyofunguliwa mlango jana ikiwa kubwa leo, sera isiiruhusu kuufunga mlango huo nyuma yake. Walimu wenzangu, kijana atakayebisha hodi kesho huenda ameketi darasani mwetu sasa hivi.