Kaske inayofunika macho

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayelinda nyumba, ukurasa huu haukuchoka kukuambia: vaa kaske yako. Kaske ya kazi inalinda kichwa na inaacha macho wazi, kwa maana jicho ndilo linaloona hatari kwanza. Leo tunasema juu ya kaske nyingine. Hii hailindi kichwa, na kazi yake ni kufunika macho. Ni kaske ya uhalisia pepe, ile ya kuchezea michezo ya kompyuta. Mtoto aliye ng'ambo anaweza kuituma nyumbani kama zawadi. Hata kazini unaweza kuikuta: Chuo Kikuu cha New South Wales, kule Australia, kimefundisha usalama wa migodi kwa picha za namna hii. Basi ni vizuri tuifahamu kabla haijatufundisha yenyewe kwa maumivu.

Ni kitu gani?

Ndani ya kaske mna vioo viwili vya kukuza, na nyuma yake mna skrini ndogo. Kila jicho linapewa picha yake. Ukigeuza kichwa kushoto, picha nayo inageuka. Ukiinama, unaona chini. Akili inaamini kwamba uko mahali pengine: juu ya mlima, ndani ya gari la mashindano, katikati ya vita. Lakini miguu yako ingali katika chumba chako, kati ya kiti na meza.

Kaske za Oculus Rift na HTC Vive zilitoka kwa wanunuzi mwaka 2016. Zilifungwa kwenye kompyuta kwa kamba ya mita 4 au 5. Mchezaji alizunguka, kamba ikamzunguka miguuni. Mwaka 2019 ilitoka Oculus Quest, yenye betri yake mwenyewe. Lakini kichwa chake kidogo hakikuweza kuchora michezo mikubwa kama kompyuta inavyoweza. Ndipo mtu mmoja wa Kanada, Guy Godin, aliyekuwa ametengeneza programu ya Virtual Desktop, akaiwezesha kupeleka michezo ya kompyuta ndani ya kaske kwa njia ya wifi, bila kamba. Katikati ya mwaka 2019 kampuni yenye kaske ilimwomba aondoe nafasi hiyo katika duka lake. Februari 2021 iliruhusiwa tena, na Aprili 2021 kampuni yenyewe ikatoa njia yake, Air Link. Mwisho wa mwaka 2023 kampuni ya Valve nayo ikaleta Steam Link kwa kaske hizo. Hivi leo kucheza bila kamba ni jambo la kawaida.

Namna inavyofanya kazi

Wewe unayejua mukanda wa kubeba mawe, utaelewa upesi. Kompyuta inachora picha, kama vile mgodi unavyotoa mawe. Picha ni kubwa mno kupita hewani, kwa hiyo kompyuta inazibana zipungue. Kisha inazipeleka kwa ruta, ruta inazirusha kwa wifi, kaske inazipokea na kuzifungua mbele ya macho. Wakati uleule kaske inarudisha habari: kichwa kimegeuka hivi, mkono umeinuka hivi. Kompyuta inachora tena.

Mukanda huu unakwenda mbio sana. Kaske nyingi zinaonyesha picha 90 kwa sekunde moja. Maana yake ukikata sekunde moja vipande 1000, kila picha inapewa vipande 11 tu. Mawe yakichelewa kwenye mukanda, unaweza kungoja. Picha ikichelewa haina maana tena, inatupwa. Kaske inajaribu kuficha kasoro kwa kusogeza picha ya zamani ifuate kichwa. Lakini ikiwa picha nyingi zimechelewa, macho yanatambua, na mwili unalipa.

Mwili unalipa namna gani?

Ndani ya sikio mna chombo kidogo kinachoambia ubongo kama unasimama, unakwenda au unaanguka. Macho nayo yanatoa ripoti yao. Siku zote ripoti hizo mbili zinapatana. Ndani ya kaske zinaweza kugombana: macho yanasema "tunakimbia", sikio linasema "tumekaa". Au kichwa kimegeuka sasa hivi, lakini picha inageuka nyuma kidogo. Ubongo unachanganyikiwa, kama wa mtu asiyezoea mashua au nyuma ya lori kwenye njia mbaya.

Dalili ni hizi: jasho la baridi, mate kujaa mdomoni, kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu kutapika. Wengine husema: "Nikaze moyo, nitazoea." Hapana. Anayejikaza anaongeza ugonjwa, na unaweza kumshika kwa saa nyingi. Dalili ya kwanza ndiyo kengele. Ikilia, vua kaske, kaa chini, tazama kitu kilicho mbali, kunywa maji.

Kwa hiyo wifi mbaya haiharibu mchezo tu, inaumiza mtu. Iweke vizuri: unga kompyuta na ruta kwa kamba, uache kaske peke yake itumie hewa. Weka ruta katika chumba kilekile unachochezea, mahali pa juu, pasipo ukuta katikati. Tumia mawimbi ya gigahezi 5 au 6, si yale ya 2.4 ambayo yanajazwa na vyombo vingine vya nyumba. Watu wengine wa nyumba wasivute sinema kwa ruta hiyohiyo wakati wa mchezo. Na mwanzoni chagua mchezo ambao unasimama mahali pamoja, si ule wa kukimbizwa na gari.

Wazazi wanauliza: je, mawimbi hayo hayachomi ubongo? Mawimbi ya wifi ni ya ukoo mmoja na ya redio na ya telefone. Si mionzi kama ile ya madini ya uranium ya Shinkolobwe. Hatari ya kaske hii haiko hewani. Iko katika chumba.

Kamba imeondoka, ukuta umebaki

Kamba ilikuwa hatari, lakini ilikuwa pia mlinzi. Ilimvuta mchezaji, ikamkumbusha: usiende mbali. Asiyefungwa kamba anasahau upesi. Anarusha ngumi, anaruka, anarudi nyuma hatua tatu. Desemba 2017 shirika la habari la TASS lilitangaza kifo cha mtu wa Moscow, mwenye miaka 44. Alikuwa nyumbani kwake, amevaa kaske ya uhalisia pepe. Alijikwaa, akaangukia meza ya kioo, akajikata, akafa kwa kupoteza damu. Hakuwa mgodini, wala hakuwa juu ya ngazi. Alikuwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Sasa tazama nyumba yako. Kuna mbabula yenye moto karibu na mlango. Kuna sufuria ya maji ya moto. Kuna ngazi za baraza. Kuna mtoto anayetambaa, hana sauti ya kumwambia baba "niko hapa". Mwenye kaske haoni hata kimoja, na masikio yake yamejaa kelele za mchezo. Kaske nyingi zinakuomba uchore mpaka kwenye sakafu kabla ya kuanza. Ukiukaribia, ukuta wa mistari unatokea machoni. Ni msaada mzuri, lakini mpaka huo unajua tu ulichochora. Mtoto akiingia baadaye, hauwezi kukuapia kwamba hayupo. Chini ya ardhi hatufanyi kazi peke yetu, kila mtu ana mwenzake. Hapa pia uwe na mwenzako: mtu mmoja amevaa, mtu mmoja anatazama.

Na umeme ukikatika? Kompyuta ya kubeba inaweza kuendelea kwa betri, kaske pia, lakini ruta inazimika mara moja. Picha inaganda au giza linaingia ghafula. Usitembee kutafuta mlango. Simama palepale, shika kaske kwa mikono miwili, ivue, macho yazoee, kisha songa.

Watoto, ngozi na macho

Kaske haikutengenezwa kwa kichwa cha mtoto mdogo. Quest 2 ina uzito wa gramu 503, na shingo ya mtoto ni laini. Vioo vyake vimepangwa kwa macho yaliyoachana kama ya mkubwa. Kampuni ya Meta iliweka kwanza umri wa miaka 13. Mwaka 2023 ilishusha hadi miaka 10, kwa sharti kwamba mzazi ndiye anayesimamia. Mtoto wa miaka 5 anayelia akitaka kuvaa, mpe mpira acheze nje.

Angalisho kwa mwenye kifafa, au aliyewahi kuanguka kwa sababu ya taa za kumetameta: usivae kabla ya kumwuliza mganga. Mama mwenye mimba na mtu mwenye ugonjwa wa moyo nao waulize kwanza.

Ngozi pia ina maneno yake. Julai 2021 huko Marekani ilitangazwa kwamba sponji ya uso ya Quest 2 inaleta mwasho. Sponji za kaske milioni 4 hivi zilihusika. Watu zaidi ya 5,700 walikuwa wamelalamika juu ya ngozi nyekundu, kuvimba na kuwashwa, na karibu 45 walihitaji mganga. Kampuni ilitoa kifuniko cha silikoni bila malipo. Basi anayenunua kaske ya zamani sokoni aulize kifuniko hicho, na atazame uso wake baada ya kuvaa.

Kaske ikipita uso hadi uso, jasho linapita nalo, na ugonjwa wa macho mekundu unapita vilevile. Futa sehemu inayogusa uso kabla ya mtu mwingine kuvaa. Vioo vifutwe kwa kitambaa laini na kikavu, bila alkoli. Mwenye macho mekundu asivae, wala asiazime.

Jua na betri

Usiache kaske barazani. Vioo vyake vinakusanya jua la Katanga na kulichoma juu ya skrini, kama vile watoto wanavyochoma karatasi kwa kioo cha kukuza. Dakika chache zinatosha kuiharibu.

Ndani yake mna betri ya litiamu. Betri nyingi ndogo za namna hiyo zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inachimbwa katika nchi yetu. Huenda jasho lako liko ndani ya kaske hiyo. Uiheshimu. Usiichaji juu ya godoro wala chini ya mto. Betri ikivimba au ikitoa harufu, usiitoboe, usiichaji tena, itoe nje ya nyumba.

Kabla ya kwenda kazini

Neno hili ni la wewe unayeendesha lori kubwa, krini au mashini ya kutoboa. Baada ya kaske, mwili unaweza kubaki na mayumbo: mkono unakosea kipimo, jicho linapima mbali vibaya, kichwa kinaelea. Watengenezaji wenyewe wanaandika kwamba mtu asiendeshe gari wala mashini mpaka apone kabisa. Mtu aliyecheza mpaka saa kumi usiku na kushika usukani saa kumi na mbili asubuhi anabeba hatari mbili, kizunguzungu na usingizi, na anawabebesha wenzake pia. Siku ya kazi ya usiku, kaske ikae ndani ya sanduku lake. Na ukifika kazini bado unajisikia vibaya, mwambie kapita wako kabla ya kupanda. Aibu ya neno moja ni ndogo kuliko jeneza.

Sheria kumi za nyumba

1. Ondoa meza, viti na vioo; acha nafasi ya mita 2 kwa 2 au zaidi.
2. Moto na maji ya moto viwe chumba kingine.
3. Chora mpaka kila mara unapobadili mahali.
4. Mtu mmoja asiyevaa awe karibu.
5. Funga kamba za vishikio mkononi, visiruke.
6. Kila dakika 30, pumzika dakika 10 hadi 15, hata kama hujachoka.
7. Dalili ya kwanza, vua.
8. Picha ikiganda, simama.
9. Mtoto chini ya umri, hapana.
10. Siku ya kushika mashini, usicheze kabla ya kazi.

Hatusemi mchezo ni mbaya. Mfanyakazi anahitaji furaha, na mtoto anayejifunza kompyuta nyumbani anaweza kuwa mhandisi wa kesho. Tunasema tu kwamba mtu anayefunika macho yake lazima awaombe wengine wamwonee. Leo jioni, kabla ya kaske kuvaliwa, zunguka chumba mara moja pamoja na watoto wako. Kila kitu kigumu, kikali au cha moto kiondoke. Kisha amueni nani atatazama kwanza.