Fundi, Mjue Mteja Kabla ya Kukata Kitambaa

[MUZIKI WA KIPINDI, UNAPANDA KISHA UNASHUKA]

MTANGAZAJI:   Leo ninazungumza na mafundi. Fundi wa cherehani, wa mbao, wa chuma, wa simu, wa sola, hata wewe dada unayesuka nywele barazani. Ninyi mnaofanya kazi kwanza, pesa inakuja baadaye.

Na shida inaanzia hapo. Mama anayeuza nyanya sokoni, mteja akikosa pesa, nyanya inabaki kwenye meza yake. Atamuuzia mwingine. Lakini fundi akishakata kitambaa, amekata. Akishachomelea dirisha kwa kipimo cha nyumba ya mtu fulani, dirisha hilo haliingii kwenye nyumba nyingine. Ndiyo maana fundi ana haja ya kuchagua mteja kuliko mfanyabiashara mwingine yeyote. Na wengi wetu hatuchagui. Anayekuja tunampokea, kwa sababu tunaogopa kwamba tukimwacha hatakuja mwingine.

Kwenye mafunzo ya biashara tunafundishwa kwamba mteja ni mfalme. Ni sawa, kwa upande wa heshima. Mpe kiti, msikilize, usimjibu vibaya. Lakini mfalme asiyelipa anakula mtaji wako, na hapa kambini mtaji ukiliwa ni vigumu kuupata tena.

Tufanye hesabu. Tuseme wewe ni seremala, na mteja anataka kitanda cha shilingi 6,000. Mbao ni 3,500. Misumari, gundi na vanishi ni 500. Boda boda ya kubeba mbao ni 200. Jumla 4,200. Jasho lako ni 1,800. Mteja anakupa 1,000 ya kuanzia, anasema iliyobaki mwisho wa mwezi. Wewe unaongeza 3,200 kutoka mfukoni mwako. Mwisho wa mwezi ukifika, mteja haonekani. Ili urudishe hiyo 3,200 unahitaji jasho la karibu vitanda viwili vingine. Kitanda kimoja cha deni kimekula vitanda viwili vya watu waliolipa vizuri. Bahati yako ni kwamba kitanda anaweza kukinunua mtu mwingine, labda kwa hasara. Suti iliyoshonwa kwa mwili wa mtu mmoja utamuuzia nani?

Kwa hiyo hesabu ya malipo ya mbele, ambayo wengine tunaiita avansi na wengine arubuni, isiwe ya kukisia. Kwanza ihesabu vifaa vyote, kila shilingi unayotoa wewe. Halafu jiulize: kitu hiki kikiachwa, kuna mtu mwingine atakinunua? Kama yuko, avansi ya vifaa inatosha. Kama kinamfaa mtu mmoja tu, ongeza na sehemu ya jasho lako. Mteja akileta kitambaa chake mwenyewe, usidhani huna hatari. Uzi, zipu, bitana na siku zako mbili ni vyako.

[MUZIKI MFUPI]

Sasa, kambi si kama mji mwingine. Hapa watu wanahama. Leo ni jirani yako, kesho amehamishiwa Kalobeyei, keshokutwa amerudi kwao au amepanda ndege. Simlaumu mtu kwa kusafiri, sote tunasubiri. Lakini mteja akikuambia anashona nguo za safari, kazi hiyo ilipwe yote kabla hujaikabidhi, na avansi iwe kubwa. Na kumbuka safari nayo huvunjika. Januari 2025 Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, watu waliokuwa tayari kuondoka walibaki. Mtu ambaye safari yake imekufa hana hamu ya kuja kuchukua koti la baridi.

Jambo la pili ni mgao. Pesa za watu wengi hapa zinafuata siku ya mgao, na mwaka 2025 mgao ulipunguzwa sana. Mtu mwaminifu kabisa, aliyekulipa vizuri miaka mitatu, anaweza kushindwa. Hapo hujadanganywa na mtu, lakini deni ni lile lile. Kwa hiyo usiulize tu, "Huyu ni mtu mzuri?" Uliza, "Pesa ya kazi hii inatoka wapi, na inafika lini?"

Swali hilo linaokoa hasa kwenye kazi za kikundi. Chukua mfano wa sare za kwaya. Kiongozi anakuja, anaagiza sare ishirini, ana furaha, na wewe una furaha. Lakini kiongozi halipi yeye. Wanaolipa ni waimbaji ishirini, na kila mmoja ana shida zake nyumbani. Unashona zote, wanachukua wanane, kumi na wawili wanasema subiri. Na huwezi kwenda kugombana kanisani. Njia iliyo salama ni hii: kipimo na pesa vije pamoja. Anayeleta avansi anapimwa na sare yake inakatwa. Asiyeleta bado, nafasi yake ipo, lakini kitambaa chake kinabaki kwenye rola. Mwambie kiongozi mapema, naye atakusanya michango kwa bidii zaidi akijua wewe hukati kwa ahadi.

Sasa sikilizeni mazungumzo haya ya fundi cherehani na mteja wake. Ni igizo, lakini wengi mtalitambua.

[SAUTI YA CHEREHANI. INASIMAMA.]

MTEJA: Fundi, nataka gauni la kitenge, la harusi. Jumamosi nilipate.

FUNDI: Karibu mama, keti. Jumamosi hii? Leo ni Jumatano.

MTEJA: Ndiyo, mwanangu. Yule fundi wa kule juu amenizungusha wiki mbili. Nimekichukua kitambaa changu.

FUNDI: Pole sana, mama. Alikuwa ameanza kukikata?

MTEJA: Hata hakukigusa! Ati nilipe nusu kwanza.

FUNDI: Aa. Na harusi ni ya nani, mama?

MTEJA: Ya mtoto wa dada yangu.

FUNDI: Hongereni sana. Basi mama, hata mimi ninachukua nusu kwanza, tunaandika kwenye daftari hili. Nusu nyingine siku ya kuchukua. Ukileta kesho asubuhi, Ijumaa jioni unakuja kulijaribu.

MTEJA: Sawa. Acha nikiache kitambaa hapa, pesa nitaleta.

FUNDI: Nenda nacho mama, kisichafuke hapa. Kesho ukija nacho pamoja na ile nusu, naanza mara moja.

[SAUTI YA CHEREHANI INARUDI, INAFIFIA]

MTANGAZAJI: Angalieni alivyofanya. Hakumfukuza mama wa watu. Aliuliza swali moja kuhusu fundi wa kwanza, na mteja mwenyewe akasema ukweli wote. Mteja akisema vibaya juu ya mafundi watatu waliotangulia, ujue wa nne ni wewe. Lakini pia usihukumu haraka, kwa sababu mafundi wanaozungusha watu wapo, na tunawajua! Uliza tu taratibu.

Halafu kitambaa. Mafundi wengi wanapokea kitambaa "kiwekwe tu." Kikishalala kwako siku mbili umeshaingia kwenye kazi, hata kama hujapewa shilingi. Mteja akirudi Ijumaa atakukuta na lawama, na watu watakaosikia watamwonea huruma yeye. Kitambaa kiondoke na mwenyewe mpaka pesa ije.

Dalili nyingine? Kuna anayekuja na ahadi kubwa: "Nifanyie hii kwa bei ya chini, nitakuletea kazi nyingi." Mwambie bei itashuka kwenye kazi ya tatu. Kuna asiyetaka chochote kiandikwe. Na kuna mwenye haraka sana ambaye hana hata nambari ya simu ya kukupa. Kwa upande mwingine, mteja anayeuliza mbao ni za aina gani, anayetaka kuona kazi yako nyingine, anayebishana bei mpaka mwisho halafu akikubali anatoa pesa, huyo usimwogope. Kubishana bei si ubaya. Mara nyingi anayekubali bei yoyote bila kuuliza ni yule asiyepanga kulipa.

Mafundi wa simu, kwenu nina neno. Mtu akileta simu iliyofungwa na hajui namba yake ya siri, hana boksi, hana risiti, na anataka ifunguliwe sasa hivi, mrudishie. Sheria ya Kenya inamhesabu mkosaji hata anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba imeibwa. Askari wakija hawataanza na aliyekimbia. Wataanza na wewe uliyekaa na bisibisi.

Na malipo ya M-Pesa: usiamini ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, wala ujumbe uliotoka kwenye nambari ya kawaida. Ujumbe wa kweli unatoka kwa jina MPESA. Hata hivyo angalia salio lako mwenyewe kwa *334# kabla kitu hakijaondoka dukani.

Mashirika nayo ni wateja. Kazi ya madawati au ya barakoa za kipindi cha Korona iliwainua watu fulani, ni kweli. Lakini shirika hulipa baada ya makaratasi kupita ofisi nyingi, na karatasi hazina haraka. Kabla ya kusaini, uliza malipo yanatoka siku ngapi baada ya kukabidhi, na kama wanatoa sehemu mwanzoni. Kama huna mtaji wa kungoja, ungana na mafundi wenzako wawili watatu au ichukue sehemu ndogo.

Sasa jambo gumu kuliko yote: ndugu, jirani wa bloku, mtu wa kijiji chenu kule nyumbani. Huyu huwezi kumwambia lete avansi kama mtu baki, au utasikia, "Umekuwa tajiri?" Fundi mmoja wa viatu alinieleza njia yake nami naiona nzuri. Kila mwezi ana nafasi tatu za watu wake. Zikijaa, anafungua daftari na kuonyesha majina: "Kaka, ona, wako watatu mbele yako. Mmoja akilipa, nafasi ni yako." Hasemi hapana, daftari ndilo linalosema.

Tafadhali, kuchagua mteja kusiwe kuchagua kabila. Nimesikia watu wanasema, "Wale wa nchi fulani hawalipi." Katika kila kundi kuna anayelipa na asiyelipa, na ukifunga mlango kwa taifa zima unafukuza pia yule ambaye angekulipa leo asubuhi. Masharti yawe mamoja kwa wote, na yaandikwe ukutani, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za wateja wako.

Na dada zangu mnaoitwa nyumbani kwa mteja kupima au kusuka: kama humjui, aje kwenye duka lako. Akikataa kabisa, nenda na mwenzako na mwambie mtu wa nyumbani umekwenda bloku gani. Kazi ya mteja anayesema "njoo peke yako" haina bei.

Wiki ijayo tutazungumza na wazee wa bloku kuhusu deni lililokwama: wanakaa vipi na pande mbili, na ni karatasi gani wanataka kuona. Kwa hiyo wiki hii, kila kazi unayopokea iandike: jina, bloku, kitu gani, bei, kilicholipwa, siku ya kuchukua, na sahihi au dole gumba la mteja. Njoo na daftari hilo siku ya kipindi.

[MUZIKI WA KUFUNGA]