Gwaride la Mwisho na Neno "Wananchi": Somo la Tafsiri kutoka Berlin ya 1989

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi tukio moja la historia linavyoweza kutusaidia kufundisha tafsiri. Tukio lenyewe ni gwaride la mwisho la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, yaani Ujerumani Mashariki, lililofanyika Berlin tarehe 7 Oktoba 1989.

Tuanze na istilahi. Mwanafunzi wa Rumonge, kwa kufuata Kifaransa, husema defile, na kwake defile ni pamoja na askari, wanafunzi na wafanyakazi wanaopita mbele ya jukwaa tarehe 1 Julai, siku ya uhuru wa Burundi. Kiswahili sanifu hutenganisha. Gwaride ni la askari na wengine wenye sare wanaokwenda kwa amri. Maandamano ni ya raia, yawe ya kuunga mkono au ya kupinga. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa kisa chetu.

Nchi hiyo iliundwa tarehe 7 Oktoba 1949. Kwetu Afrika Mashariki haikuwa ngeni: Zanzibar iliitambua mwaka 1964, na majumba ya ghorofa ya Kikwajuni yalijengwa kwa msaada wake. Huko Leipzig, Kiswahili kilifundishwa chuo kikuu. Ilipotimiza miaka 40, kiongozi wake, Erich Honecker, aliandaa sherehe kubwa, na Mikhail Gorbachev wa Urusi ya Kisovieti akawa mgeni wa heshima. Usiku wa tarehe 6 vijana wa chama waliandamana na mienge. Kesho yake vikosi na vifaru vikapita katika barabara ya Karl-Marx-Allee. Miezi michache nyuma, Januari, Honecker alikuwa ametamka kwamba ukuta wa Berlin ungeweza kusimama hata miaka 50 au 100 zaidi.

Lakini Hungaria ilikuwa imefungua mpaka wake mwezi Septemba, na maelfu walikuwa wakitoroka kupitia huko. Jioni ya siku ile ile ya gwaride, raia waliandamana Berlin, Plauen na miji mingine. Wengi walipigwa na kukamatwa. Tarehe 9 Oktoba watu wapatao 70,000 walijitokeza Leipzig, na askari hawakufyatua risasi. Honecker aliondoka madarakani tarehe 18 Oktoba, ukuta ukafunguliwa tarehe 9 Novemba, na tarehe 3 Oktoba 1990 dola lenyewe likatoweka.

Sasa tuje kwenye lugha. Waandamanaji walipiga kelele: "Wir sind das Volk!" Tutafsirije? Neno Volk laweza kuwa watu, umma, wananchi au taifa. Ili kuchagua, tutazame dola lile lilivyojiita. Jeshi lake, bunge lake na polisi wake, vyote vilibeba neno hilo Volk katika majina yao. Tanzania ina Jeshi la Wananchi. Basi na jeshi lililopita katika gwaride lile tuliite la wananchi. Hapo kauli ya raia inapata makali yake: jeshi ni la wananchi, polisi ni wa wananchi, na hao wananchi ndio wanaopigwa virungu.

Je, tuseme "Sisi ni wananchi"? Hapana. Hiyo ni kujitambulisha tu, kama mtu asemaye "Sisi ni wavuvi". Kinachotakiwa ni "Sisi ndio wananchi", au kwa umbo fupi, "Wananchi ndisi". Kitambulishi ndio huteua na kuwatenga wengine wote: wananchi ni sisi, si ninyi mlioko jukwaani. Silabi chache zinabeba madai yote.

Baada ya ukuta kufunguliwa, kauli ilibadilika: "Wir sind ein Volk!" Das imekuwa ein tu, lakini Kiswahili hakiwezi kubaki na wananchi. Sasa wanadai kuungana na ndugu zao wa Magharibi. Kwa hiyo tunasema "Sisi ni taifa moja", na ni inatosha. Neno lile lile la Kijerumani limetafsirika kwa maneno mawili, kwa kuwa madai yamebadilika.

Wanafunzi wetu wanaozungumza Kirundi wana msaada wa ziada. Abanyagihugu linakaribiana na wananchi: watu wa nchi. Mwalimu na awaulize: ni nani mwenye nchi katika sentensi hii, na nani anamwambia nani? Maswali hayo mawili yaulizwe kabla ya kufungua kamusi, kwa kuwa kamusi hutoa orodha ya maneno, na mfasiri ndiye anayejibu kwa nini amechagua moja.

Kama zoezi, wapeni wanafunzi sentensi hizi: "Sisi ni walimu", "Sisi ndio walimu" na "Walimu ndisi". Waeleze kila moja ingesemwa wapi, na mbele ya nani.